Sidiria ya Taifa na Mgongo wa Sikudhani

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wewe msomaji ukihisi umewahi kupanga foleni ndani yake, hiyo itakuwa njaa tu. Kanywe uji, urudi tuendelee.

Ni nchi nzuri. Ina wizara thelathini na tisa na mto mmoja. Wizara ya thelathini na tisa ndiyo inayotuhusu: Wizara ya Ustawi wa Kifua cha Mwanamke. Msicheke. Iliundwa kwa sababu nzito. Siku ya sherehe za uhuru Mheshimiwa Rais alikuwa anahutubia uwanjani, na ilipofika saa ya nne ya hotuba akagundua kwamba wanawake wote waliokaa upande wa jua walikuwa wanajivutavuta mabegani, wanajikuna mgongoni, na wengine wanaingiza mkono kifuani bila kificho ili kupanga upya mambo yao. Mheshimiwa akanyamaza. Akauliza, "Hawa wana nini?" Msaidizi wake akainama, akamnong'oneza kwamba ni sidiria, Mheshimiwa, haziwaenei.

Mtu mwingine angefikiria kufupisha hotuba. Rais wetu ni mtu wa maono. Aliunda wizara.

Ikateuliwa kamati ya wataalamu tisa kutafuta kipimo sahihi cha mwanamke wa nchi yetu. Walikuwa wahandisi wa barabara sita, mpima ardhi mmoja, daktari wa mifugo mmoja, na katibu. Wote wanaume, kwa sababu, kama gazeti la serikali lilivyoeleza vizuri, mwanamke hawezi kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Wakakaa vikao miezi kumi na minne. Swali lilikuwa moja: apimwe mwanamke gani? Ukimpima mke wa waziri mmoja, wake wa mawaziri wengine watanuna. Ukimpima mwanamke wa kawaida, utakuwa umemvua raia nguo. Mpima ardhi ndiye aliyepata jibu. Apimwe Mama wa Taifa.

Mama wa Taifa ni sanamu. Amesimama katikati ya mji, mbele ya ukuta wa mahakama ya zamani, mtoto mkononi na jembe begani. Aliyemjenga alikuwa fundi saruji kijana ambaye hajaoa, na kifua kile alikijenga kwa matumaini. Unaweza kuegesha baiskeli mbili juu yake. Wataalamu walikuja na ngazi na darubini za kupimia barabara, wakapima siku tatu, na siku ya nne nchi ikapata Jedwali la Taifa la Vifua.

Jedwali lilikuwa na mistari minne. Mgongo wa inchi thelathini na nne hupewa kikombe A. Thelathini na sita, B. Thelathini na nane, C. Arobaini na kuendelea, D, kama Mama wa Taifa. Yaani mwanamke akinenepa nyuma anatakiwa anenepe na mbele, kwa kasi ileile, kama mkate wenye hamira nzuri. Vibanda vyote vya mtumba vilivyokuwa vinauza sidiria vikafungwa. Ikabaki Sidiria ya Taifa, rangi moja, rangi ya maharage yaliyolala. Na kila mwanamke anayetaka kazi, chuo au ndoa ya serikali akatakiwa awe na Cheti cha Kuenea, kinachothibitisha kwamba yeye na Jedwali wanaelewana.

*

Mimi ni Mama Sikudhani. Nina stashahada ya ushonaji, nina cherehani, nina mtoto mmoja, na subira sina.

Mwanangu Sikudhani ana miaka kumi na tisa. Amechukua umbo langu, nami nililichukua kwa mama yangu. Mgongo mpana, mbavu za kubebea gunia, mikono imejaa, tumbo limejaa, makalio hayahitaji maelezo. Halafu ilipofika kifuani, Mungu akakumbuka kwamba ana wateja wengine. Sisi ni wanawake wanene wenye matiti madogo. Tupo, na tupo wengi kuliko wizara.

Nilichosomea nakijua. Ukanda wa sidiria unapima mbavu. Kikombe kinapima kile kinachotokeza mbele ya mbavu. Ni vitu viwili tofauti, kama urefu wa mtu na ukubwa wa mguu wake. Mwalimu wetu alitueleza hili wiki ya pili chuoni, akatumia dakika nne, na hakuna aliyelia. Mwanamke kama mwanangu akivaa ukanda unaomtosha kwenye Jedwali, anapewa na kikombe cha mtu mwingine, kinakunjamana mbele na kuingiza upepo. Akivaa kikombe kinachomtosha, anapewa ukanda wa mtoto wa shule. Unambana mpaka pumzi inaomba ruhusa, na mgongoni nyama inajitenga, ghorofa ya juu na ghorofa ya chini.

Yote hayo ningeyavumilia, maana sidiria zetu nilikuwa nashona mwenyewe chumbani na hakuna aliyejua. Lakini mwaka huo Sikudhani alichaguliwa kwenda Chuo cha Uuguzi. Tangu ana miaka saba alikuwa anafunga bandeji miguu ya kuku. Barua ilisema usajili unafungwa Ijumaa saa tisa alasiri, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Alete cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani, godoro, ndoo na Cheti cha Kuenea. Kuzaliwa alikuwa amezaliwa. Kufaulu alikuwa amefaulu. Godoro na ndoo vilikuwepo.

Jumanne asubuhi tukaenda Ofisi ya Vipimo.

*

Ofisi ya Vipimo inafanya kazi kwa Kanuni ya Staha, nami naieleza polepole kwa faida ya wageni. Afisa wa kiume haruhusiwi kumwona anayepimwa. Mfanyakazi wa kike anaruhusiwa kumwona, lakini haruhusiwi kusoma namba, kwa sababu kusoma namba ni kazi ya cheo cha afisa, na maafisa wote ni wanaume. Kwa hiyo katikati ya chumba pametundikwa pazia lenye tundu. Upande wa huku mwanamke anazungushiwa futi na mfanyakazi aitwaye Mshika Ncha. Ncha mbili za futi zinapitishwa tunduni. Upande wa pili afisa anavuta, anasoma, kisha anatoa inchi tisa ambazo kisheria zinaitwa Tofauti ya Pazia.

Ukisimama mbali na pazia, wewe ni mnene zaidi. Ukisimama karibu, umepungua. Mama mmoja alijikwaa akaliangukia pazia, akaandikwa mtoto mchanga, na hadi leo analetewa chanjo.

Mshika Ncha siku hiyo alikuwa Zuwena, mwanamke mwembamba mwenye mgongo wa mwanafunzi na kifua cha mama wa mapacha. Serikali ilikuwa imempa A. Kila alipoinama, sisi ndio tulioogopa.

"Simama hapa, mwanangu," alimwambia Sikudhani kwa sauti ya chini, akimwonyesha alama ya chaki sakafuni. "Hii alama nimeichora mwenyewe. Hapa ndipo pazia linasema kweli."

"Avute pumzi!" Bwana Kilindo, Afisa Vipimo, akapaza sauti kutoka ng'ambo.

"Avute au atoe?" Zuwena akauliza.

"Apumue kizalendo!"

Futi ikavutwa. Tukasikia kalamu. "Mgongo, arobaini na mbili. Safi sana. Mwanamke wa kisawasawa huyu. Haya, kifua."

Zuwena akapandisha futi. Karatasi zikafunuliwa, zikafunuliwa tena.

"Rudia."

Akarudia.

"Arobaini na tatu," ikasema sauti ya Bwana Kilindo, na ilikuwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu. "Zuwena, umeshika vizuri?"

"Nimeshika, bosi."

"Mama uliye humo ndani! Huyu binti hayumo."

"Hayumo wapi?" nikauliza.

"Kwenye Jedwali. Mwenye mgongo wa arobaini na mbili ana D. Huyu tofauti yake ni inchi moja, hiyo ni A. Mwenye A ana mgongo wa thelathini na nne. Kwa hiyo hapa nina watu wawili, na fomu niliyonayo ni moja."

"Ni mtu mmoja, Bwana Kilindo. Nilikuwepo alipozaliwa."

"Mama, usinichanganye na mambo ya uzazi. Hiyo ni wizara nyingine."

"Lakini si umempima? Si amesimama hapo mbele yako?"

"Amesimama, ndiyo. Hilo ni jambo lake binafsi."

Kwa huruma yake akapitisha tunduni Sidiria ya Taifa, arobaini na mbili D, ajaribu. Sikudhani akaivaa. Ukanda ulikaa. Vikombe vilisimama mbele yake kama wageni waliofika kabla ya mwenyeji. Akabonyeza kimoja kwa kidole, kikaingia ndani na kubaki hivyohivyo, kama mpira uliotobolewa. Mkanda wa bega la kulia ukateleza. Akaupandisha, ukateleza wa kushoto.

"Imeenea?" akauliza Bwana Kilindo.

"Ina nafasi," akasema Zuwena kwa adabu.

"Kiasi gani?"

"Bosi, mtu anaweza kupangisha."

Basi hapo ndipo tulipoarifiwa kwamba cheti hakitolewi kwa kikombe kitupu, kwa kuwa Sidiria ya Taifa haitembezwi na hewa. Ila sheria ni ya huruma. Mwenye pengo anapewa siku tisini za kukua, chini ya uangalizi wa Afisa Kilimo wa kata.

"Chuo kinafunga usajili Ijumaa," nikasema. "Ni siku tatu."

Bwana Kilindo akafikiri kidogo. "Basi ajitahidi."

Tulipofika nyumbani Sikudhani akachukua ile ndoo mpya, akaiosha, ingawa ilikuwa safi. Mtoto wangu akihuzunika huwa anaosha vitu.

*

Jumatano nikaenda wizarani, kwenye Idara ya Mapengo, kumwona Mkurugenzi. Jina lake mlangoni lilichukua vibao viwili: Dakta Mhandisi Balozi Mstaafu Lwambano. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na nimebeba mkoba. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti ambacho kilikuwa chini kuliko chake.

Nikaeleza. Akasikiliza macho yamefumba, kisha akasimama, maana mtu wa cheo chake huwa hasemi akiwa amekaa.

"Mama, neno pengo usilichukie. Pengo si upungufu. Pengo ni fursa ambayo haijapata mwekezaji! Tazama nchi yetu yenyewe. Ina mapengo mangapi? Barabara. Maji. Madaraja. Shule zenye paa upande mmoja. Je, tumeikataa nchi? Tumeipa cheti!"

"Nchi haiendi chuoni Ijumaa, Dakta. Anayekwenda ni mwanangu."

"Mwanao ni nchi, mama."

"Basi mpeni cheti kama mlivyoipa nchi."

Akakaa. Nikaona huo ndio wakati. Nikafungua mkoba, nikatoa sidiria niliyomshonea Sikudhani, nikaitandika juu ya meza yake katikati ya mafaili. Dakta akaifunika na gazeti haraka kama mtu anayezima moto. Nikaliondoa gazeti.

"Angalia hapa," nikamwambia. "Huu ukanda ni mpana, kulabu nne, kwa sababu mgongo mpana unataka mahali pa kupumzikia. Ukivaliwa unakaa sawa kama mstari wa rula, haupandi juu nyuma. Ukipanda, ni mkubwa mno. Vidole viwili vinapita chini yake. Vikipita vinne, ni mkubwa. Kisipopita hata kimoja, unamuua mtu. Unaufunga kulabu za mwisho kwanza, ili ukilegea baada ya miezi uwe na pa kurudi. Hii sehemu ya katikati inalala juu ya mfupa wa kifua, haisimami hewani. Na kikombe, ona, hakina kina. Kimelala kama kisahani, kwa sababu matiti yetu yametandaa, hayakuchongoka. Mikanda nimeisogeza ndani kidogo, haitelezi. Uzito unabebwa na ukanda, Dakta, si mabega. Mabega ni ya kubebea watoto."

Alikuwa ameangalia dirishani muda wote, lakini masikio yalikuwa huku kwangu.

"Ilipimwa kwa nani?" akauliza.

"Kwa anayeivaa."

"Aa! Hapo ndipo penye kosa." Akafurahi kweli, kama mwalimu aliyeona hesabu ilipoharibikia. "Hakuna taifa lililojengwa kwa kumpima anayevaa. Tukianza hivyo, mama, kila mtu atataka yake. Mwanao akiwa sahihi, basi Mama wa Taifa ana makosa. Unataka kusema Mama wa Taifa ana makosa?"

"Mimi nasema mwanangu ana mgongo."

"Kikao kimekwisha," akasema, na akanirudishia sidiria ikiwa imefungwa ndani ya gazeti, upande wa picha ya Rais ukiwa nje, ili nisiweze kuitupa njiani.

*

Usiku sikuwaza sana. Kuwaza ni kwa watu wenye wiki. Kama kila kitu kimetoka kwenye sanamu, kapime sanamu. Alhamisi mchana nikachukua futi yangu ya kushonea, kigoda, na Sikudhani wa kukishika.

Mama wa Taifa analindwa na askari mmoja. Kazi yake ni kufukuza kunguru.

"Mama, rudi nyuma. Sanamu haiguswi."

"Siigusi mimi. Inaguswa na futi."

"Una kibali?"

"Kunguru ana kibali?"

Akatazama juu. Kunguru watatu walikuwa wamekaa kwenye jembe. Wakati anatafuta jibu, mimi nilikuwa nimeshaweka kigoda juu ya msingi wa sanamu, nikapanda.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na wanawake wa maofisini walikuwa wanapita. Mwanamke akimwona mwanamke mwenzake mnene amepanda kigoda anakumbatia sanamu, atasimama. Walisimama kumi, wakawa thelathini. Nikamwona na Zuwena, chapati yake mkononi.

Nikapitisha futi chini ya kwapa la Mama wa Taifa upande wa kushoto, nikaisukuma nyuma ili niipokee kulia. Haikutokea. Nikaisukuma tena. Nikaingiza mkono mpaka begani.

"Vipi, mama?" Sikudhani akauliza.

"Subiri."

Kule nyuma mkono wangu ulikuta nondo, ukakuta mbao, ukakuta kiota chenye mayai mawili. Saruji haukukuta. Yule fundi alimjenga upande wa mbele tu, akampigilia ukutani kwa vyuma vinne, akaenda zake. Mama wa Taifa alikuwa uso, kifua, mtoto na jembe. Nyuma yake ilikuwa mahakama ya zamani.

Nikageuka kuwatazama. "Hana mgongo," nikasema.

"Nani hana?"

"Huyu. Nyuma hamna kitu. Kuna kunguru."

Zuwena akamaliza kutafuna, akasema, "Ndiyo maana kwenye faili la Jedwali pameandikwa, mgongo umekadiriwa."

"Umekadiriwa na nini?"

"Na upana wa ukuta, gawanya kwa kumi."

Mama mmoja mwenye begi la uhasibu akashika ubavu wake, pale ambapo ukanda wa taifa huwa unang'ata. "Yaani hii alama ninayotembea nayo miaka mitano, hapa, nimebanwa na ukuta?"

Ndipo alipoanza mmoja kucheka. Mwanamke aliyebanwa sidiria isiyomwenea akicheka sana, kulabu hukatika. Zikaanza kukatika. Ta! Ta! Ta! Askari alidhani ni risasi, akalala chini.

Kufikia jioni, habari ilikuwa imefika kwenye vijiwe vyote vya kahawa na mashine zote za kusaga. Waziri alipokuwa anateremka kwenye gari lake, mtoto wa chekechea alimwuliza kama na yeye nyuma yupo.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi gari la wizara lilikuja mlangoni kwetu. Nikamwambia Sikudhani apakie godoro na ndoo humohumo garini. Dereva akalalamika. Nikamwambia gari ni la umma na godoro ni la umma.

Tukawekwa kwenye benchi mpaka saa saba na nusu. Ndani tulimkuta Dakta Lwambano, na Bwana Kilindo akiwa amesimama pembeni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila pazia. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na hakujua macho ayaweke wapi.

"Mama," akasema Dakta, "kesho Mheshimiwa Rais anaweka shada la maua miguuni pa Mama wa Taifa. Watakuwepo mabalozi. Hatutaki kigoda."

"Mimi nataka cheti."

"Tumefikiria kitaifa. Usiku huu mafundi watamjengea Mama wa Taifa mgongo. Mgongo unahitaji mfano." Akamwonyesha Sikudhani kwa mkono wote, kama anayezindua daraja. "Tutachukua wa binti yako! Na kwa kuwa mgongo utakuwa wake, na kifua nacho tutakipunguza kiwe chake, ili vilingane. Jedwali litaandikwa upya. Kuanzia Jumatatu, mwanamke sahihi wa nchi hii ni arobaini na mbili A. Binti atapewa cheti namba moja, sasa hivi, na picha."

Nawaambia ukweli, mdomo wangu ulishafunguka kusema ndiyo. Ilikuwa saa nane kasoro kumi. Chuo kiko upande wa pili wa mji.

"Mimi sitaki," akasema Sikudhani.

"Wewe nyamaza," nikamwambia.

"Mama, wakiandika hivyo, Zuwena atakuwa hayumo. Sasa hivi anabanwa mbele. Jumatatu atafutwa kabisa, yeye na wote wasiofanana na mimi. Watavalishwa ukanda wangu uwaning'inie kama kamba ya nguo."

"Zuwena ni mtu mzima. Wewe una saa moja na dakika kumi."

"Nitakuwa muuguzi, mama. Akija mgonjwa ambaye hayumo, nimwambie ajitahidi?"

Nusura nimpige kofi mbele ya Mkurugenzi. Halafu nikaona aibu, kitu ambacho hakinipati mara kwa mara. Bwana Kilindo alikuwa ameinamia viatu vyake.

Nikafikiria ofisi zote nilizowahi kupanga foleni katika maisha yangu na fomu zote nilizowahi kujaza, na ghafla nikaona kilichokosekana.

"Dakta," nikasema, "umefanya kazi serikalini miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Kwenye fomu ya serikali, mstari wa mwisho huwa ni upi?"

"Mengineyo," akajibu papo hapo, kama mtu anayeitikia amina.

"Kwenye Jedwali la Vifua uko wapi?"

Akatabasamu. Akalifungua Jedwali. Tabasamu likaanza kuondoka, upande mmoja kwanza. Akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele. Akalinyanyua kwenye mwanga.

"Kilindo," akasema kwa sauti ndogo, "Mengineyo haipo."

"Haiwezekani, bosi."

"Haipo!" Akalipiga Jedwali mezani. "Tumeendesha nchi miaka mitano kwa fomu isiyo na Mengineyo! Mabalozi wanakuja kesho! Mama, umeonana na mwandishi wa habari yeyote?"

Naomba msomaji aelewe. Wanawake walikuwa wamebanwa miaka mitano, wameota vidonda kwapani, wamenyimwa kazi, na mtu huyu alilala vizuri. Lakini fomu yenye kasoro ilimtoa machozi. Alichukua rula yake mwenyewe na kalamu yake mwenyewe, akachora mstari wa tano, akaandika: Mengineyo, mgongo wowote, kikombe chochote. Akapiga muhuri mara tatu. Bwana Kilindo akajaza cheti. Alipomkabidhi Sikudhani, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe ni mtu mmoja."

"Na kigoda, mama?" Dakta akaniuliza.

"Kigoda ni cha jikoni," nikasema. "Kesho nitakikalia nikichambua mchele."

*

Dereva wa wizara aliendesha kama anayefukuzwa, godoro likipiga paa. Tulifika Chuo cha Uuguzi saa tisa kasoro dakika sita. Mlangoni pa msajili walikuwa wanaanza kuondoa viti.

Msajili aliitwa Bi. Felista. Alikuwa mwanamke mpana, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni na joto lile, na mkono wake wa kushoto ulikuwa hautulii. Kila baada ya maneno manne ulipanda begani kuvuta kitu, ukashuka, ukapanda tena. Akasoma cheti cha kuzaliwa. Akasoma matokeo. Akahesabu godoro. Akafika kwenye Cheti cha Kuenea, akavaa miwani.

"Mgongo, Mengineyo. Kikombe, Mengineyo. Kuenea, ndiyo." Akaivua miwani. "Binti, Mengineyo ndiyo nini?"

"Ndiyo mimi," akasema Sikudhani.

Bi. Felista akamtazama juu mpaka chini. Sikudhani alikuwa amebeba godoro kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine, hajivuti, hajikuni, anapumua. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika mbili. Muhuri ukanyanyuka, ukakaa hewani muda ambao mimi naukumbuka kuwa mrefu, kisha ukashuka juu ya jina la mwanangu kwa kishindo.

"Bweni la pili, kitanda cha sita. Fuata yule dada."

Nilipogeuka kumfuata, msajili akaniita. Alikuwa amesimama, ameegemea meza, na mkono wa kushoto uko begani.

"Mama," akasema polepole. "Huo mstari... bado una nafasi?"

Nikaweka mkoba wangu mezani, nikatoa futi.

"Funga mlango," nikamwambia, "uvue koti."